Mzee Koki na Mabomba Arobaini ya Gereza

Wasikilizaji wapendwa, leo nitazungumza nikiwa na hasira. Mniwie radhi mapema, kisha mnivumilie.

Tunamkumbuka Mzee Koki. Mzee Koki, fundi bomba. Amefariki Jumanne asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na miaka sitini na tisa. Mapafu yake hayakupona tangu mwaka ule wa janga. Mkewe alikuwa jikoni akimchemshia maji ya kuvuta mvuke. Aliporudi na beseni, mumewe alikuwa ameshakwenda.

Wengi wenu mlimjua kwa kazi yake. Alikuwa idara ya maji miaka thelathini na moja. Alikuwa na tabia moja ya ajabu. Akiingia nyumbani kwa mtu hasalimii kwanza. Anaweka sikio ukutani, anasikiliza. Kisha ndiyo anasema, "Hamjambo jamani, na choo chenu kinavuja."

Mkewe ameniambia, "Hata siku alipokuja kwetu kuniposa ilikuwa hivyo hivyo. Baba alimwuliza, kijana, una nini? Akajibu, nina kazi, na bomba lenu la nje limepasuka. Akalitengeneza kwanza, akaja kukaa ameloa hadi magotini. Baba akasema, mpeni huyu huyu."

Alipostaafu, akapata barua. Ameteuliwa kuwa mmoja wa wakaguzi wa kujitegemea wa magereza. Watu saba, raia wa kawaida. Sheria inawapa ruhusa ya kuingia gereza lolote, saa yoyote, bila taarifa. Inawapa ruhusa ya kuzungumza na mfungwa yeyote bila askari kusikiliza. Shikeni hilo, wasikilizaji. Saa yoyote, bila taarifa.

Kwa nini walimchagua fundi bomba? Nitawaambia bila kuwapaka mafuta. Walidhani hana neno. Walitaka mtu wa kutia saini, anywe chai, apande gari arudi nyumbani. Waliona mzee mwenye spana mfukoni wakadhani wameokota kondoo.

Kisha likaja janga. Mnakumbuka. Tuliambiwa tunawe mikono, tukae mbalimbali. Gereza la mji wetu lilijengwa kwa watu mia mbili na hamsini. Mwaka ule lilikuwa na watu mia sita na arobaini. Mtu akigeuka usingizini, safu nzima inageuka.

Mkuu wa gereza akaita waandishi wa habari. Akatuonyesha ukuta wa uani. Koki arobaini mpya, zinang'aa, na chini yake mfereji wa saruji. Akakata utepe. Mimi nilikuwepo. Ndiyo, mimi, huyu mnayemsikia. Nikasema moja kwa moja hewani kwamba kila mfungwa sasa ananawa kwa maji yanayotiririka. Sikufungua hata koki moja. Nilikunywa soda yao, nikashukuru, nikarudi studio.

Mzee Koki alinisikia akiwa nyumbani. Mkewe anasimulia. "Alikuwa anafunga kamba za viatu. Akaacha kiatu kimoja. Akasema, koki arobaini? Kwa bomba lipi? Lile linaloingia gerezani nililitandaza mimi kwa mikono yangu, ni la inchi moja. Halitoshi hata jiko lao. Akatoka na kiatu hakijafungwa."

Alifika getini. Mkuu wa gereza akatoka mwenyewe.

"Mzee, haiwezekani. Kuna ugonjwa. Tunawalinda wafungwa wetu."

"Sheria inasema saa yoyote, afande."

"Sheria iliandikwa kabla ya ugonjwa."

"Na wafungwa je? Waliandikwa baada?"

Akafungiwa geti. Akarudi wiki iliyofuata, akafungiwa. Mara nne alikwenda, mara nne akafungiwa. Aliandika wizarani. Wakamjibu kwamba suala lake linashughulikiwa. Nyote mnaijua ile sentensi. Ni kaburi lenye nyasi nzuri juu yake.

Basi akakaa nje. Ng'ambo ya geti kuna benchi la fundi viatu. Alikaa pale kila siku tangu asubuhi mpaka jua linapokuwa kali. Aliona gari la maji linaingia mara moja kwa siku tatu. Aliona mifuko ya saruji ikiingia, lakini bomba hata moja hakuliona. Na alimwuliza kila aliyetoka baada ya kumaliza kifungo. Mmoja wao, kinyozi, alicheka mpaka akakohoa. Akamwambia, "Koki? Baba, zile ni za kupigiwa picha. Sisi tunanawa kwa maji aliyonawia mwenzako, naye alinawa kwa ya mwenzake."

Mwenyekiti wa kamati yao ni wakili mstaafu, mama mkali wa maneno machache. Alipeleka jambo hilo mahakamani. Jaji akatoa uamuzi wa ukurasa mmoja. Wakaguzi waingie, wavae kinga, wapimwe kwanza.

Mzee Koki akapimwa. Akaenda na barakoa, glavu na mabuti ya mpira, cheti mkononi. Getini wakamwambia asubiri, inabidi wahakikishe kama ni mzima. Akasema, "Mimi cheti changu hiki hapa. Cha kwako kiko wapi, afande?" Mkuu wa gereza hakuwa nacho. Askari wawili waligeukia ukuta ili wacheke.

Akaingia. Hakwenda ofisini. Alikwenda moja kwa moja uani, kwenye ule ukuta. Akafungua koki ya kwanza. Kavu. Ya pili, kavu. Ya tisa, kavu. Mkuu wa gereza akasema maji yamekatika leo tu. Mzee Koki akaweka sikio ukutani. Akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akatoa spana, akazungusha, koki ikatoka mkononi mwake kama jino bovu.

Nyuma yake palikuwa na saruji. Narudia, wasikilizaji wapendwa. Nyuma ya koki hapakuwa na bomba. Palikuwa na saruji tupu. Koki arobaini zilizopachikwa ukutani kama misumari ya kutundikia kofia.

Mwenyekiti wa kamati, aliyeingia pamoja naye, alisikia kila neno. Mzee Koki alimwekea mkuu wa gereza ile koki kiganjani, akamwambia, "Miaka thelathini na moja nimeona bomba lililoziba, lililooza, hata lililoibwa. Bomba la uongo ndiyo naliona leo."

Kisha akaomba kuona wagonjwa. Wakasema hakuna. Akaomba kuona stoo. Wakasema ufunguo umepotea. Akasema, "Sawa, mimi ni fundi, nitafungua." Ufunguo ukapatikana.

Humo stoo walikuwamo wanaume kumi na saba wamelala juu ya magunia, ndoo moja katikati, dirisha hakuna. Aliwaomba askari watoke. Alikaa nao saa tatu. Kila mmoja alimwandika jina, siku aliyoanza kukohoa, na nani wa kuarifiwa kwao. Na kila mmoja alimtajia majina mawili ya ziada. Wenzao wawili walikuwa wamekufa mle mle.

Mmoja wa wale waliokufa alikuwa mahabusu, hajahukumiwa bado. Mama yake ni mfua nguo. Kila siku ya tatu mama huyo alileta kifurushi getini. Sabuni, dawa ya meno, nguo safi. Mwanawe alikuwa amekufa siku tisa zilizopita. Na siku tisa hizo vifurushi vilipokelewa. Vilipokelewa, vikatiwa saini, na mama akaambiwa, "Anakusalimu."

Hakuna aliyekwenda kumwambia. Mzee Koki alikwenda. Alisimama mlangoni kwake, mbali kidogo kwa sababu ya ugonjwa, akavua kofia. Mama alikuwa anaanika mashuka ya watu. Alimsikiliza mpaka mwisho. Hakulia pale. Aliuliza swali moja tu.

"Ile sabuni niliyompelekea Ijumaa, nani ameiogea?"

Mkewe anasema Mzee Koki alirudi nyumbani akakaa kwenye ngazi, hakuingia ndani. "Nikamwambia, baba, ingia ule. Akasema, niache kwanza. Nimezoea kutengeneza, mama. Hili sijui pa kushika."

Ripoti ilitoka. Kurasa sita, lugha ya fundi. Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mji wetu ulipojivua nguo.

Siku nane baada ya kuingia gerezani, Mzee Koki alianza kuumwa. Mkuu wa gereza akatoa taarifa kwamba mkaguzi ndiye aliyeingiza ugonjwa gerezani. Fikirini. Watu wawili wamekwisha kuzikwa, kumi na saba wanakohoa stoo, na mwenye kuleta ugonjwa ni mzee aliyeingia na cheti! Na taarifa ile ilisomwa wapi? Hapa. Kwenye kipaza sauti hiki.

Watu wakaamini kwa sababu walitaka kuamini. Muuza duka alikataa kumwuzia mkewe mkate. Mtu aliandika kwa mkaa ukutani kwao, BABA WA WEZI. Wale aliowatengenezea mabomba miaka yote waliona afadhali choo kivuje kuliko kumwita. Mabaya zaidi yalitoka ndani ya nyumba. Shemeji yake, kaka wa mkewe, ni dereva wa lori. Alichomwa kisu begani na mwizi, na mwizi huyo alikuwa mmoja wa wale kumi na saba. Shemeji alifika, akasimama uani akapiga kelele majirani wote wasikie.

"Shemeji! Mkono wangu hauinuki mpaka leo, nawe unakwenda kumwuliza aliyenichoma kama amelala vizuri?"

Mzee Koki akajibu kutoka dirishani, pumzi zinamkatika. "Jaji alimpa miaka saba, shemeji. Hakumpa kiu."

Hawakusemezana tena mwaka mzima.

Aliyemwokoa ni muuguzi wa zahanati ya gereza. Binti mpole, hata sauti yake haifiki mlangoni. Alipeleka kwa jaji daftari la wagonjwa. Mgonjwa wa kwanza aliandikwa humo siku ishirini na mbili kabla Mzee Koki hajaruhusiwa kuingia. Siku ishirini na mbili. Sisi redio tulipewa nakala. Tuliisoma baada ya matangazo ya biashara, sekunde kumi na tano. Nimekwenda kuzipima kwenye kumbukumbu zetu. Kumi na tano.

Bomba la kweli lilitandazwa miezi kumi na moja baadaye. Wafungwa watano walikuwa wamekufa. Mkuu wa gereza alihamishwa, wasikilizaji. Alihamishwa kwenda cheo kikubwa zaidi. Muuguzi alihamishwa pia, mbali sana, bila cheo chochote. Na Mzee Koki aliondolewa kwenye kamati "kwa sababu za kiafya". Hawakumwalika siku ya kufungua maji. Alimngoja mfungwa mwingine atoke, akamwuliza:

"Yanatoka?"

"Yanatoka, baba. Asubuhi na jioni."

"Presha?"

"Ndogo."

"Wametumia bomba jembamba. Nilijua tu," akasema, lakini mkewe anaapa kwamba siku hiyo alipiga mluzi mpaka chakula cha mchana.

Shemeji alirudi mwaka uliofuata, Mzee Koki alipoanza kushindwa kupanda ngazi. Alikuja na lori lake kumpeleka hospitali, na hakuacha tena. Nimemwuliza kama alimsamehe yule mwizi. Akanikata jicho. "Sijamsamehe, na usinitie maneno mdomoni. Lakini shemeji yangu alisema hakuna bomba, na bomba halikuwepo. Nyinyi wote mlisema lipo."

Jana ofisi ya magereza imetuletea salamu za rambirambi tuzisome. Zinasema walifanya kazi na marehemu "kwa ushirikiano wa karibu". Sitazisoma zaidi ya hapo. Shada lao la maua lilirudishwa na mjane kabla halijateremshwa garini.

Na mjue hili. Baada ya uamuzi wa jaji, wizara ilitoa amri ya muda ya kuwabana wakaguzi, nayo haikufutwa. Janga limepita, amri imebaki. Leo mkaguzi lazima atoe taarifa siku saba kabla. Kwa siku saba hata mimi naweza kupaka rangi ukuta. Na nafasi ya Mzee Koki kwenye kamati iko wazi mpaka leo. Nimeuliza fomu. Ni ukurasa mmoja, na haihitaji cheti cha chuo. Hakuna hata mtu mmoja aliyeijaza.

Kwa mjane, kwa wanawe wawili, kwa shemeji, poleni sana. Poleni pia nyinyi familia tano ambazo hakuna aliyewapa pole mpaka leo. Mama mfua nguo, kama unanisikia, nilikuwa nimeshika kipaza sauti, na nilinyamaza. Sina cha kujitetea. Nisamehe ukiweza.

Nanyi wasikilizaji, nawaachia la kutafakari. Kuna milango katika mji huu ambayo tunapita mbele yake kila siku, na tunafurahi kwamba imefungwa. Nani aliye nyuma yake, na mara ya mwisho nani aliingia kutazama?

Desturi yetu ni kutoa dakika moja ya kimya kwa marehemu. Mjane amekataa. Nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Mwanangu, kimya alipewa akiwa hai, kikamtosha."

Basi simu ziko wazi. Semeni.