Mkono wa Mama Mukashema na Ampli Zilizokufa

Mgeni rasmi, Papa Athanase, mwenye depo ya ampli za kukuza sauti na baffle za kuitoa pale Goma, wazee wa kanisa, wanakwaya, akina mama na akina papa: sisi mafundi wa redio wa Karuba tunakusalimu kwa heshima.

UKARIBISHO

Karibu mlimani kwetu. Tumesikia kwamba pikipiki ilikuangusha karibu na Mushaki. Pole sana. Pale huanguka kila mtu mwenye heshima.

HISTORIA

Kanisa letu lilinunua ampli kwako. Ikaimba majuma machache, ikafa. Ukatubadilishia, ya pili nayo ikafa, na ya tatu ikafuata ndugu zake. Zote zilikufa asubuhi za kiangazi, na zote zilifia mkononi mwa mtu mmoja: Mama Mukashema, muuza maziwa na soprano wa kwanza wa kwaya, ambaye kazi yake ilikuwa kuchomeka mikro ya kuimbia kwenye ampli.

Tulipokuletea ile ya tatu ulicheka, ukasema: "Huyu mama iko na mukono ya moto. Musimuache aguse kitu."

Huenda ulitania. Lakini utani ukipanda mlima huu hufika umechoka, hauchekeshi tena. Komite ya kanisa ilimwondoa Mukashema kwenye kwaya. Kisha wateja wakaanza kupita mlango wake na bidoni tupu za maziwa. "Mukono yenye inaua mashini," walisema, "mu maziwa itafanya nini?"

 Mukashema aliendelea kukama, na maziwa yaliyokosa mnunuzi akawapa ndama. Ndama wake sasa ndio wanene kuliko wote kijijini. Yeye mwenyewe amekonda. Alianza kuutazama mkono wake kama wa mtu mwingine, hata mjukuu aliogopa kumshika.

MAFANIKIO

Tulimwomba atuonyeshe jinsi alivyokuwa akichomeka mikro. Alikataa. "Niache, Papa Déo," alimwambia mwenyekiti wetu. "Kama iko kweli, sitaki kujua."

Mwishowe alikubali, kwa ampli iliyokwisha kufa, kwa kuwa maiti haiuawi mara mbili. Akiwa na buti zake za mpira za zizini, alivua lile jaketi la manyoya ya nailoni analovaa wakati wa kukama, akaipangusa nalo ncha ya waya wa mikro. Akasugua, akasugua tena, ndipo akachomeka. Tulimwuliza kwa nini anapangusa. Alitushangaa.

"Unaweza tia kitu mu bidoni bila kupangusa mudomo yake?"

Ndivyo watu wa maziwa walivyolelewa, nasi tulioa kwao bila kuliona hilo. Nailoni ikisuguliwa wakati wa kiangazi huzaa umeme, ule unaochoma kidogo mtu anapovua sweta. Buti za mpira haziuachi ushuke ardhini. Kwa hiyo ulibaki mwilini mwa Mukashema, ukapita kidoleni hadi kwenye ile ncha, ukaingia moja kwa moja kwenye tundu la mikro, ambalo ndani yake halina ulinzi wowote. Shetani hakuhusika.

Tuliokota diodi mbili na rezistansi moja katika redio zilizokufa, tukaziunganisha nyuma ya tundu lile. Rezistansi hupunguza nguvu za ule umeme unapoingia, na diodi huugeuza uishie kwenye bati la ampli bila kugusa kitu. Mara ya kwanza tuliongeza na kondensa kubwa ya kumeza umeme, kwa kujihami, na masoprano wote wakasikika kama wanaimba chini ya blanketi. Tukaiondoa. Mikro tunayosomea risala hii imechomekwa leo na Mukashema, baada ya kuipangusa vizuri kwa jaketi lile lile. Bila shaka unatusikia.

CHANGAMOTO

Tuliwaeleza komite habari ya diodi. Walisikiliza kwa makini, wakatupongeza, kisha wakasema kwamba anayejua ampli ni Papa Athanase wa Goma, naye alikwisha kusema. Mgeni rasmi, siku ile tuliumia sana. Kuponya ampli tumeweza. Neno lako limetushinda.

MAOMBI

Tunaomba uwaambie wanaotengeneza ampli unazouza waongeze vile vitu vitatu tangu kiwandani. Ni vidogo kuliko punje za maharagwe, na havitawafilisi.

Ombi jingine si la ufundi. Hatukuombi useme samahani. Mtu aliyetoka mbali hivi hafai kupewa kazi nzito. Mama Mukashema amesimama pale mlangoni na chungu cha maziwa aliyoyakama leo. Mkono wa kuume ameuficha ndani ya kitenge. Kijiji kizima kinakutazama wewe, hakimtazami yeye. Tunaomba umwite kwa jina, umwache akumiminie kwa mkono ule ule, ukipokee kikombe, unywe bila haraka, umalize.

Mungu aitunze nyumba yako na awape ng'ombe wetu majani. Makofi tumeyazuia kwanza. Tunanyamaza mpaka kikombe kiwe kitupu.

Ni sisi,
Mafundi wa Redio wa Karuba