Mashimo ya Njia ya Baharini

Fundi cherehani alikuwa ameegemea dirisha la basi, akiandika kila shimo la barabara daftarini. Kuuliza si ujinga, na mama wa pembeni alikuwa ameshachungulia. "Kaka, wewe mkandarasi?" "Hapana, dada. Jumamosi wenye pikipiki wanakutana ufukweni, kama kila mwaka. Safari hii nami nakwenda na yangu. Nakagua njia, huu mwaka wa nne."

"Mashimo ya mwaka jana si yameshazibwa?" "Ndiyo maana narudia." Mama akacheka. "Basi bahari umeshaizoea." "Sijawahi kuiona. Huwa nashuka kabla ya kilima kinachoificha. Nataka niione nikiwa juu ya pikipiki yangu."

Basi likasimama. Upepo wa chumvi ukapenya dirishani, fundi akauvuta mpaka kifua kikajaa. Kisha akashuka, akavuka barabara kungoja basi la kurudi, kilima amekipa mgongo.