Mzee Cirhuza Balagizi na Fotokopi Yake ya Kamembe

Ndugu na jamaa, majirani wa Kamembe, na nyinyi mliovuka mpaka wa Rusizi ya Kwanza tangu asubuhi na mapema ili kuwa pamoja nasi, familia imemwomba Marguerite, binti mkubwa wa marehemu, aandike na kusoma safari ya baba yake, naye ameiandika kwa ufupi, kwa kuwa marehemu hakupenda karatasi ipotee bure.

Mzee Cirhuza Balagizi alizaliwa tarehe 14 Februari 1963 huko Bagira, mjini Bukavu, akiwa mtoto wa tatu kati ya tisa wa Mzee Mushagalusa, fundi cherehani, na Mama Nzigire, muuza maharagwe, na tangu utoto alimwona baba yake akitia cherehani mafuta kila asubuhi kabla ya kushona, wakati mafundi wengine walingoja mpaka ilie.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Bagira kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, akaendelea na sekondari ya biashara na utawala, akapata diploma Julai 1982, na tarehe 3 Januari 1983 akaajiriwa kupiga taipu katika ofisi moja ya wanunuzi wa kahawa mjini Bukavu. Mwaka 1985 ofisi ile ililetewa mashine ya fotokopi kubwa kama kabati la vyombo, pamoja na fundi kutoka Bujumbura aliyekaa siku tatu tu, na wakati wenzake walikuwa wakisikiliza maneno ya fundi, Cirhuza aliangalia mikono ya huyo fundi.

Tarehe 17 Novemba 1989, siku ya mvua kubwa, msichana aitwaye Béatrice aliingia ofisini humo na vyeti vilivyolowa, akitaka nakala kabla ya saa kumi ili awahi nafasi ya kusomea uuguzi, na Cirhuza akakataa katakata kuweka karatasi mbichi juu ya kioo. Béatrice alimuuliza, "Papa, hii mashine ni yako ao ni ya patron, bosi wako?" naye akajibu, "Ni ya patron, Maman, lakini ikikufa, ni mimi banaita." Kisha akavikausha vyeti kimoja kimoja kati ya karatasi kavu, akivibana kwa viganja, saa nzima, na nakala zikatoka safi, na nafasi ikapatikana, na tarehe 11 Agosti 1990 wakafunga ndoa katika parokia ya Bagira. Mungu aliwajalia watoto watatu, Marguerite mwaka 1991, Ntabaza mwaka 1994, na Uwera, aliyezaliwa hapa Kamembe mwaka 2003, na wote watatu nepi zao za pamba, zilipochakaa, ziliishia kufuta kioo cha fotokopi, kwa maana marehemu aliamini hakuna kitambaa kilicho laini kuzishinda.

Familia ilihamia Kamembe tarehe 5 Machi 2001, marehemu akafungua sekretariati, duka la kupiga taipu na kutoa nakala, karibu na stendi ya mabasi, na Juni 2009 akanunua mashine ambayo wengi wenu mnaijua, mashine iliyokwisha kutumika, ambayo hata muuzaji alisema haitapita miaka mitatu. Imefika kumi na mitatu. Mnakumbuka kopo la maziwa pale mlangoni, ambamo kila mtu alitupa agrafe zake, vile vipini vya kubania karatasi, kabla ya kutoa karatasi, hata wakubwa wa ofisi, na mnakumbuka madereva wa malori kutoka Muganza wakisimamishwa nje wakung'ute vumbi la saruji, na chai ya jirani yetu Nasiba ikinywewa barazani, kamwe si ndani. Kila asubuhi alipinda kidogo na kupepea rimu ya karatasi ili zisishikane, na rimu zilizobaki alizifungia kabatini pamoja na balbu inayowaka usiku na mchana, kwa sababu ya unyevu wa ziwa.

Ugonjwa wa sukari ulimpata mwaka 2019, na tarehe 2 Septemba 2022 akalazwa, figo zikiwa zimechoka. Hapo akaamua mashine iuzwe kwa Bwana Buhendwa, ambaye angekuja kuichukua Jumamosi tarehe 24, kwani alisema hakuna mwenye subira ya kuitunza, na Marguerite, aliyeshika nafasi yake dukani, mwenye watoto watatu na asiye na kazi nyingine, alikuwa na siku hizo tu za kumwonyesha kwamba anaweza.

Tarehe 21, siku tano kabla ya shule kufunguliwa, wazazi wakiwa wamejipanga hadi barabarani, mashine ilimeza karatasi tatu kwa mpigo. Marguerite alikuwa amezima ile balbu, akiona ni upotevu wa umeme, na kwa hasira akavuta karatasi kwa kuirudisha nyuma, ikachanika, kipande kikabaki ndani. Alimpigia baba yake simu, akakiri yote mawili. Baba hakumgombeza, alimwambia azime mashine, afungue mlango wa pembeni, azungushe gurudumu la kijani taratibu, kisha akasema, "Usivutie nyuma, mama. Fwata kwenye karatasi ilikuwa inaenda, na mikono mbili." Kipande kilitoka, kikubwa kama ukucha, karatasi zenye unyevu zikaondolewa, balbu ikawashwa, na mzee akaomba simu iwekwe karibu na mashine. Mama Béatrice, aliyekuwa kando ya kitanda, anasema wagonjwa wote chumbani walitega masikio pamoja naye. Baada ya nakala kumi akasema, "Sasa inapumua. Ambieni Buhendwa asikuje."

Marehemu alituacha Jumapili, tarehe 9 Oktoba 2022, saa mbili asubuhi, akiwa na miaka hamsini na tisa, ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani, hasa Nasiba na chai yake, wenzake wa sekretariati za stendi waliofunga milango leo ili wamsindikize, na Bwana Buhendwa, ambaye Jumamosi ile alikuja hata hivyo, bila lori, akiwa na mkungu wa ndizi.

Nakala mia mbili za historia hii, mlizo nazo mikononi, zimetoka leo asubuhi katika mashine ile ile, haikumeza hata moja, na kama mnavyoona zimekunjwa tu, hazina agrafe.

Pumzika kwa amani, Papa, balbu inawaka.