Hefina Pugh, Aliyetunza Kumbukumbu za Pete za Chuma

Mchungaji, ndugu na majirani, mimi ni Iorwerth Mathias, mdogo wake marehemu, na familia imenituma nisome maisha ya dada yetu, kazi ambayo sikuitegemea kabisa, kwa sababu katika ukoo wetu aliyekuwa akiandika habari za watu ni yeye, na hata asubuhi hii, nikifunga tai, nilishika simu nikitaka kumuuliza tarehe ya harusi yake.

Marehemu Hefina alizaliwa tarehe 9 Machi 1957 katika shamba la Blaen-nant, juu ya Tregaron, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili wa hayati Dewi Mathias, mfugaji wa kondoo, na hayati mama yetu Olwen.

Alisoma shule ya msingi ya kijiji kuanzia mwaka 1962, kisha sekondari ya Tregaron alikomaliza mwaka 1975, lakini jioni za kiangazi alikuwa na shule nyingine nyuma ya baa ya Tafarn y Felin, ambako baba na wenzake walicheza mchezo wa kurusha pete nzito za chuma kulenga kigingi cha chuma kilichosimikwa katikati ya udongo wa mfinyanzi, na kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa kurusha, yeye alipewa kuandika alama, jambo lililomuudhi Ifan Rowlands, mmoja wa wachezaji, ambaye alimwambia mbele ya watu wote, "Binti, nenda kamsaidie mama yako jikoni," naye akamjibu bila kuinua macho, "Nikienda, nani atakuzuia kujiongezea alama mbili kama wiki iliyopita?" Baba alicheka hadi akakohoa, na tangu jioni ile hakuna aliyethubutu kumwondoa kwenye kiti chake.

Mwaka 1976 aliajiriwa kuwa karani katika mnada wa mifugo, akafanya kazi hapo hadi alipostaafu mwaka 2017, na wafugaji mliokaa huku mbele mnajua kwamba hakuna aliyewahi kumuuzia Hefina habari ya uongo kuhusu umri wa kondoo.

Tarehe 14 Juni 1980, katika kanisa hili hili la Bethania, alifunga ndoa na Bwana Elgan Pugh, dereva wa lori la maziwa, wakajaliwa watoto wawili, Mererid, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1983, na Gwion, aliyezaliwa tarehe 20 Novemba 1986, na baadaye mjukuu mmoja, Cadi, ambaye yuko hapa leo na ambaye bado anauliza bibi anarudi lini.

Ndugu zangu, ligi yetu ya pete ilivunjwa mwaka 2004, kwa sababu vijana walikuwa wamehamia Cardiff na wazee walikuwa wamechoka, na baa ilipouzwa miaka miwili baadaye, mwenyekiti wa ligi alimwambia dada, "Hefina, choma hayo makaratasi, nani atayasoma?" Yeye hakubishana naye, alimwita Elgan na lori, akapakia masanduku yote, matokeo ya mechi, picha za timu, hata vitabu vilivyoandikwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, akayaweka katika banda lililo nyuma ya nyumba yao.

Mwezi Februari 2014 dhoruba iling'oa paa la banda lile, na tulipofika asubuhi, masanduku yalikuwa yamejaa maji na vitabu vya zamani vimekuwa kama uji. Elgan akasema kwa upole, "Mpenzi, yamekwisha," na Hefina akamjibu, "Hayajaisha mpaka niseme mimi, kalete taulo." Kwa wiki nyingi kurasa zilianikwa juu ya viti hivi mlivyokalia, na Mchungaji alihubiri akizikwepa, na akina mama majirani walileta vikausha nywele vyao.

Zile kurasa ambazo hazikuokoka alizitafuta katika vichwa vya watu, akienda na kinasa sauti kwa wachezaji wa zamani, majumbani na katika nyumba za wazee, na hakuandika tokeo lolote mpaka watu wawili waliokuwepo wakubaliane. Mererid alikuwa naye siku ambayo Ifan Rowlands, akiwa na miaka tisini, alidai kwamba yeye ndiye aliyeshinda fainali ya mwaka 1971.

"Ulishindwa, Ifan, mimi ndiye niliyeandika."

"Mtoto wa Dewi, mimi ni mtu wa kufa kesho. Niachie hata ushindi huo mmoja."

"Siwezi. Kula keki yako."

Ifan alikula keki, akamshika mkono, akamsimulia mambo ya mechi nyingine zote alizoshindwa, saa nzima, wakicheka wote wawili.

Kazi hiyo yote aliikabidhi kwa chumba cha kumbukumbu cha kaunti mwaka jana, na tulidhani sasa atapumzika, kumbe alikuwa anataka kuona mchezo wenyewe ukichezwa tena.

Kuhusu ugonjwa, familia haina la kusoma, kwa sababu hakuumwa. Jumamosi tarehe 6 Julai 2024 alikuwa mzima kama mimi ninavyosimama hapa. Aliamka, akala yai na mkate, akamgombeza Elgan kwa kuvaa viatu vichafu, akaenda nyuma ya Tafarn y Felin, ambako vijana wetu na wa kijiji jirani cha Rhyd-lwyd walikuwa wamechimba udongo mpya na kuufunika kwa magunia yaliyoloweshwa, kwa ajili ya mechi ya kwanza tangu ligi ivunjwe. Gwion akamwomba mama yake arushe pete ya kufungua, yeye ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kuruhusiwa kurusha mbele ya watu.

Alikataa, tukamzomea kwa utani, akavua koti. Mliokuwepo mliona. Pete ilipanda, ikashuka taratibu, ikakizunguka kile chuma bila hata kukigusa, na kelele zilizopigwa pale zilisikika hadi barabarani. Kijana wa Rhyd-lwyd aliyekuwa ameshika kalamu akapiga kelele, "Naandika, mama, naandika!" naye akageuka, uso mwekundu kwa furaha, akasema, "Usithubutu. Mechi haijaanza, hiyo haihesabiwi."

Akakaa kwenye benchi. Tulikuwa bado tunapiga makofi. Elgan alikuwa anamletea chai, na alipofika, dada alikuwa ameegemea ukuta na hakuitika.

Helikopta ya wagonjwa ilitua shambani, madaktari wakafanya kila walichoweza, na hospitalini Aberystwyth tukaambiwa kwamba mshipa ulipasuka kichwani na kwamba hakusikia maumivu. Tunalishika neno hilo, kwa sababu mengine yote bado hayatuingii akilini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, rubani wa helikopta, Mchungaji, majirani ambao hawajatuacha tupike tangu siku ile, wafanyakazi wenzake wa mnada, na wachezaji wa timu zote mbili waliobeba jeneza.

Wengi mmetuomba pete ile iandikwe. Tumekaa kama familia, tumelia, tumebishana, na jibu letu ni kwamba haitaandikwa, kwa kuwa mwenyewe alikwisha kuamua.

Lala salama, dada. Sisi tuliona.