Mama Sawasawa na Swali la Sita

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha hisabati, Mama Sawasawa anastaafu leo, tarehe thelathini Juni. Mkuu wa shule ameniomba niandike wasifu wake, ausome kwenye hafla hii ya kumuaga, kwa kuwa nafundisha somo hilohilo chumba cha pili, na kati yetu kuna ukuta wa mbao nyembamba tu. Kweli, namfahamu. Nimemwonea wivu miaka kumi na tisa, na katika muda huo hakuna jambo lake lililonipita.

Jina alipewa na wanafunzi. Kila alipoandika mlinganyo ubaoni aliigonga alama ya sawasawa mara mbili, chaki ikikatika akachukua nyingine. Alisema kurahisisha mtajo, yaani hesabu ya herufi na namba isiyo na alama ya sawasawa, ni kupanga kabati: soksi na soksi, mashati na mashati, na ukimaliza kabati ni lilelile, nadhifu tu. Hakuna anayetafutwa. Lakini ukiiona alama ya sawasawa, jua x amejificha mahali, kamtoe. Watoto walicheka, wakaelewa. Mimi nilisikia ukutani, wiki iliyofuata nikalileta kabati darasani kwangu kana kwamba nimelibuni mimi. Msichana wa dawati la mbele akaniambia kwa upole kwamba walishalisikia. Niliumia, sifichi.

Wanafunzi wangu waliomba ruhusa ya kwenda msalani, nikawakuta dirishani kwake na madaftari. Daktari wangu wa meno alipita mikononi mwake pia, na kila nikiwa nimeachama kinywa huniuliza kama Mama Sawasawa hajambo.

Sasa ule mtihani wa majaribio wa miaka kumi na moja iliyopita. Swali la sita liliagiza hivi: tatua 3x + 5 + x + 3. Alama ya sawasawa haikuwepo. Wanafunzi wake waliandika 4x + 8, wakaishia hapo. Wangu walijiongezea sawasawa na sifuri, wakapata x ni hasi mbili. Msahihishaji nilikuwa mimi. Wangu niliwapa vema, wake nikawapiga mikasi myekundu thelathini na saba, kwa raha zangu.

Wazazi walikuja juu. Kikaoni mkuu akauliza nani aliyetunga swali lile. Mimi nilitazama viatu vyangu. Mama Sawasawa akasema, "Nimetunga mimi. Nimekosea."

Mwezi uliofuata kiti cha mkuu wa idara, ambacho shule nzima ilijua ni chake, nilipewa mimi. Nimekikalia hadi leo. Hakuwahi kunitajia habari hiyo hata mara moja, na hata hilo nimemwonea wivu, maana mimi nisingeweza.

Swali la sita nililitunga mimi, peke yangu, jikoni kwangu, nikiwa na haraka. Naliandika humu kwa sababu mkuu wetu husoma hotuba bila kuzipitia kwanza, kwa hiyo sasa hivi ameyatamka haya mwenyewe mbele ya wazazi. Mkuu, tafadhali endelea kusoma. Kiti tutakizungumza Jumatatu.

Mama, asante, na unisamehe. Kapumzike kwa afya na furaha, wajukuu wakuchoshe vizuri. Nina ombi moja: usifungue darasa la masomo ya ziada mtaani kwetu. Wanangu wawili wameshaniuliza unakaa nyumba ipi.