Sindano na Gari la Bibi Harusi

Fundi cherehani alikuwa ndani ya basi, amepakata gauni jeupe la harusi la binti wa saluni ya jirani, na masikio ameyatega kiti cha mbele.

"Bia inanipa mbio, bangi inanipa utulivu," jamaa mwenye suti alikuwa akimweleza mwalimu wa udereva aliyekaa naye. "Leo nimeamkia zote mbili, niko sawa kama mizani. Saa nane nambeba bibi harusi kwa gari, yule binti wa saluni."

Mwalimu akaangua kicheko. "Ndugu yangu, hizo hazigombani, zinashirikiana! Moja inakuibia macho, nyingine inakuibia breki."

"Mimi? Miaka ishirini barabarani!"

Fundi akainama mbele. Akachomoa sindano na uzi kwenye kola yake. "Mjomba, hebu nitungie."

Jamaa akalamba uzi, akafumba jicho moja, akakosa. Akalamba tena, akakosa. Abiria wakaanza kumhesabia, "Tatu! Nne!" mbavu hawana.

"Mnanionea bure," akang'aka, naye mwenyewe anacheka. "Basi lenyewe hili linayumba mno!"

Fundi alikuwa keshasimama mlangoni, gauni begani.

"Limesimama kitambo, mjomba."