Ndugu Isidori Ngolo na Waya wa Ethi

Ifikapo tarehe 30 Juni mwaka huu wa 1979, Ndugu Isidori Ngolo, fundi na dereva wa gari letu la matangazo, atastaafu baada ya kututumikia kwa miaka kumi na saba. Alianza mwaka 1962, Uhuru ukiwa bado mbichi, na gari alilokabidhiwa wakati huo lilisukumwa zaidi kuliko lilivyoendeshwa. Kwa gari hilo alifika Bunda kila msimu wa pamba, na kwao Butiama kila palipokuwa na mkutano. Vijiji vya ujamaa vilipoanzishwa, wengi walisikia habari hiyo kwanza kupitia vipaza sauti alivyovifunga yeye.

Alikuwa mcheshi. Siku moja hapa Musoma alisahau kuzima maikrofoni, akaanza kulalamika kwamba mkewe, Mama Selestina, amepika ugali wenye mabonge. Mtaa mzima wa Mwisenge ulisikia. Jioni alikuta jiko limezimwa, na kwa siku kadhaa akala kwa majirani, ambao walikuwa wakimuuliza kwa upole kama ugali wao unamfaa.

Ningependa kuendelea na visa vya namna hiyo, maana ndivyo hafla hizi za kuagana zinavyotakiwa kuwa. Lakini nimefanya naye kazi kama mtangazaji wake, na siwezi kuandika habari zake nikairuka siku ya Bukima.

Miaka mitatu iliyopita tuliletewa gari jipya na amplifaya mpya. Amplifaya hula umeme wa betri ya gari, na umeme huo lazima urudi kwenye betri kupitia chuma cha gari lenyewe. Waya unaourudisha, ambao mafundi huuita waya wa ethi, unatakiwa kukazwa penye chuma kitupu. Ukikazwa juu ya rangi au kutu, mngurumo wa injini huingia kwenye vipaza na kumeza maneno. Isidori aliona mapema kwamba waya wetu umefungwa kwenye boliti chini ya kiti, juu ya rangi. Akaomba ruhusa akwangue rangi kwenye chasisi, ile fremu ya chuma chini ya gari, aukaze waya pale. Msimamizi wetu wa magari, Ndugu Hamduni, alimjibu kwamba gari jipya la serikali halikwanguliwi. Aliomba tena, akakataliwa tena, akanyamaza. Katika mitaa ya mjini sauti ilitoka vizuri tu, na sote tukasahau.

Julai mwaka jana kipindupindu kiliingia vijiji vya ziwani. Tulitumwa Bukima na muuguzi Justina Gati kuwaambia watu wachemshe maji, wagonjwa wapelekwe shuleni, na penye msiba watu wasikusanyike wala wasile pamoja.

Barabara ilitutikisa, boliti ikalegea. Nilipofungua kinywa, kilichotoka juu ya paa kilikuwa mngurumo mtupu. Isidori alikaza boliti, mngurumo haukuisha. Akauhamishia waya kwenye bawaba ya mlango, kisha kwenye skrubu ya dashibodi, kisha kwenye mguu wa kiti. Kila mahali rangi, na chini ya rangi kutu. Tulipozima injini maneno yalisikika, lakini betri ililala kabla sijamaliza tangazo, tukabaki kusukuma gari. Justina hakungoja. Alishika njia kwa miguu, akaenda nyumba hadi nyumba upande uliokuwa karibu.

Jua lilipoanza kushuka, Isidori alitoa kisu mfukoni, akaingia chini ya gari bila kumwomba mtu ruhusa. Alikwangua chasisi mpaka chuma kikang'aa, akaukaza waya pale. Nilipotangaza, sauti ilitoka safi hata wavuvi waliokuwa majini wakageuka.

Ndipo akaja mama mmoja kutoka upande wa ziwa, anaitwa Euphrasia. Alisimama kando ya gari akasikiliza tangazo lote mpaka mwisho.

"Asubuhi tulisikia linanguruma tu, tukasema ni gari la pamba," alisema. "Tumeshazika. Na chakula tumeshakula."

Isidori alikuwa bado chini ya gari. Hakutoka kwa muda mrefu.

Wengi walioshiriki matanga yale waliugua. Siku chache baadaye Euphrasia alimzika mumewe, kisha binti yake.

Baada ya hapo iliagizwa magari yote ya matangazo yafungwe ethi kwenye chasisi, chuma kikiwa kimekwanguliwa. Agizo hilo limetajwa kuwa mafanikio makubwa ya Isidori. Aliomba lisisomwe kwenye hafla. Nilimkumbusha kwamba aliomba ruhusa mara mbili akanyimwa. Alinitazama kama mtu aliyechoka kueleza.

"Kisu nilikuwaga nacho mfukoni kila siku," alisema.

Ndugu Hamduni alikwenda nyumbani kwake kumwomba radhi. Alipokelewa vizuri, akapewa chai, na wakakaa mpaka chai ikapoa. Isidori mwenyewe alirudi Bukima kumwona Euphrasia. Yule mama alimwambia hana kinyongo naye. Mama Selestina anasema mumewe alirudi kutoka safari hiyo akiwa na hali mbaya zaidi, na tangu hapo hulala kidogo sana. Ucheshi wake hatujausikia tena. Tulijaribu sote, kila mtu kwa njia yake, na hakuna aliyefaulu.

Ndugu Isidori, tunakushukuru kwa barabara zote za Mara ulizopita kwa ajili yetu. Siku ile hatukuweza kukuondolea, na nikiandika hapa kwamba itafutika nitakuwa nakudanganya. Nenda salama Butiama wewe na Mama Selestina. Mvua ziwanyeshee kwa wakati wake, wajukuu wawajazie kelele nyumbani, nawe tunakutakia usingizi.